Tulipokwenda Kuutazama Sabaki Utokako

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, watoto wetu walitujia na ombi moja. Binamu yao aishiye Uholanzi alikuwa amewatumia picha za matembezi ya siku moja mjini Amsterdam: mifereji iliyopita katikati ya mitaa, nyumba nyembamba zilizobanana ukingoni, na familia nzima ndani ya mashua yenye paa la kioo, baba mtu ameishika kofia yake isipeperuke. Wakauliza, kwa ule unyenyekevu wa watoto ambao ndani yake mna amri, ni lini nasi tutawapeleka mahali kama pale. Tuliwaeleza kadiri tujuavyo: kwamba mji ule umesimama juu ya magogo yaliyokitwa matopeni, kwamba mifereji yake mikubwa ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na kwamba tangu 2010 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Bei ya tikiti hatukuwaeleza. Yako mambo ambayo mzazi hana budi kuyasitiri.

Aliyetuokoa ni Nyanya. Alikuwa ameketi barazani na uteo wa mchele mapajani, akasema bila ya kuinua kichwa: "Mwataka kwenda kutazama maji ya wenyewe, na haya yenu hamujui yatoka wapi."

Sisi ni watu wa Malindi. Maji tunayoyanywa hutoka Baricho, ambako visima virefu vimetobolewa katika mchanga wa kando ya mto Sabaki. Mchanga huo ndio uyachujao kabla hayajapandishwa kwa pampu na kuletwa mjini. Sabaki huo huo ndio umwagao maji yake baharini kaskazini ya mji wetu, kabla ya kufika Mambrui, na kila mvua inaponyesha bara, bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya matofali. Wavuvi hulalamika. Wenye hoteli hulalamika zaidi. Ufuo umejaa tope hata maji yamesogea mbali na pale wazee wetu walipokuwa wakiogelea, na matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu mwaka 1968, hayapendi vumbi la bara. Haya yote twayajua. Lakini ukimuuliza mtoto wa Malindi mto huo waanzia wapi, atakuonyesha kidole upande wa magharibi na kusema "huko".

Huko ni Ukambani. Mto tuuitao Sabaki, juu kidogo ndani ya Tsavo huitwa Galana, na juu zaidi, kabla haujakutana na mto Tsavo, huitwa Athi. Ni mto mmoja wa takriban kilomita 390, na sehemu kubwa ya mwendo wake hupita baina ya Makueni na Kitui kama mpaka uliochorwa kwa maji. Tope la ufuo wetu, kwa sehemu kubwa, ni mashamba ya watu wa nchi ile na ya Machakos yaliyo juu yake.

Nyanya alikuwa na sababu nyingine, nayo hakuitaja siku ile. Wasomaji watuwie radhi tukiieleza hapa, kwa kuwa bila yayo safari hii haina maana.

Katika nyumba yetu aliishi zamani mwanamke aliyeitwa na mtaa mzima Bi Mkamba. Ni mama wa mama yake Nyanya. Alifika pwani katika ile njaa kuu ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, ambayo Wakamba wenyewe huiita Ng'omanisye, iliyowakumba watu baina ya miaka ya 1898 na 1900, mvua ziliposhindwa na ndui na maradhi ya ng'ombe yakaongezeka juu yake. Namna alivyofika, nyumba yetu ina riwaya mbili. Upande mmoja husema alikuwa yatima mdogo aliyeokotwa na wasafiri, akalelewa kwa wema, akasilimu, akaozwa. Upande wa pili, tena kwa sauti ya chini, husema babake alimweka rehani kwa mfanyabiashara kwa kubadilishana na nafaka, akaahidi kurudi kumkomboa baada ya mavuno, na hakurudi. Mambo kama hayo yalitendeka katika njaa ile. Si siri kwa wanaosoma tarikh ya pwani. Utumwa ulikuwa bado ni jambo la kisheria katika ukanda huu hata mwaka 1907, na baina ya mtumwa, mtoto wa rehani na mtoto wa kulea palikuwa na mpaka mwembamba ambao watu wazima walijua kuuficha. Riwaya zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: alikuja mdogo mno, hata kwao hapajui.

Basi tukapanga safari. Nyanya ana umri wa miaka themanini na zaidi, na macho yake daktari ameshatuambia hayatadumu. Tukakodi gari la abiria kumi na wanne, tukaondoka Malindi baada ya swala ya alfajiri, tukapitia Kaloleni hadi Mariakani, kisha tukaishika barabara ya Nairobi. Siku hiyo ya kwanza hatuna la kuisimulia ila malori. Tulilala Kibwezi kwa shemeji yetu afanyaye kazi huko, na siku tunayotaka kuwahadithia ni ya pili yake.

Asubuhi tulianza na chemchemi ya Umani, ndani ya msitu wa Kibwezi. Ukitoka katika uwanda ule mkavu wa miiba na kuingia chini ya mikuyu, baridi hukupokea kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya mawe. Maji hutoka chini ya mwamba mweusi, matulivu, safi hata ukaona vijiwe chini. Mwamba huo ni lava ya milima ya Chyulu, ambayo wajuzi huihesabu miongoni mwa milima michanga kabisa duniani. Mara ya mwisho ilitapika moto katikati ya karne ya kumi na tisa. Milima yenyewe haina mto hata mmoja juu yake. Mvua ikinyesha, jiwe huinywa yote, kisha huitoa chini, pembeni, mbali: hapa Umani, na upande wa pili huko Mzima, ambako bomba la zaidi ya kilomita 200 huyapeleka maji mpaka Mombasa tangu miaka ya 1950. Tuliwaambia watoto kwamba shangazi yao wa Mombasa, afunguapo bomba la jikoni, hufungua mlima huu. Mdogo wao akauliza mashua ziko wapi.

Hakuna mashua, tukamwambia. Wala hakuna mifereji ya kutembelea, ingawa nchi hii si ngeni wa mifereji. Katika jirani yao Machakos uko mfereji wa Yatta, wa takriban kilomita 60, unaochukua maji ya mto Thika na kuyapeleka katika nchi kavu. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa na mahabusi wa wakati wa hali ya hatari. Hatukufika huko, maana haikuwa njia yetu. Kijana wetu mkubwa, ambaye alikuwa amejitwika jukumu la kuandika daftari la safari, aliandika: "Amsterdam wachimbaji walilipwa. Yatta hawakulipwa." Hatujui kama wale wa Amsterdam wote walilipwa inavyostahili, lakini tuliiacha sentensi yake ilivyo.

Kutoka Kibwezi barabara ya lami sasa hukata mashariki hadi Ikutha, Mutomo na mji wa Kitui. Mibuyu ilianza kutokea pande zote mbili, minene, mitupu ya majani. Watoto wa pwani huijua mibuyu, lakini hawakuwahi kuiona mingi namna hii ikiwa haina kaburi wala mzimu chini yake. Tulipowaambia kwamba sehemu ya ubuyu mwekundu wanaoununua penye lango la madrasa hutoka katika miti hii, heshima yao kwa Ukambani ilipanda ghafla.

Kisha tukafika darajani.

Athi si mto mzuri wa kutazamwa, tuseme kweli. Ni mpana, wa rangi ya kahawia hata wakati wa kiangazi, na maji yake yana historia ya kusikitisha, kwa sababu hupokea mito ya Nairobi pamoja na kila kinachotupwa ndani yake. Makueni na Kitui wakayapokea hayo, nasi Malindi tukapokea yaliyobaki. Dereva aliegesha gari ng'ambo ya pili. Tulimshika Nyanya mikono, huku na huku, akatembea polepole hadi penye ukingo wa daraja, akainama kidogo.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, Nyanya."

Alitazama kwa muda mrefu, kwa namna ya mtu anayetazama uso wa mtoto wa jamaa yake akitafuta amefanana na nani. Kisha akasema: "Rangi ni ile ile."

Watoto walivunja kijiti, wakakikata alama tatu kwa kisu cha dereva, wakakitupa majini. Wakaanza kubishana ni siku ngapi kitafika Malindi. Mmoja alisema wiki, mwingine alisema mamba watakitafuna kabla ya Tsavo. Tukawaacha wabishane, maana ndiyo hesabu ya kwanza waliyoifanya kwa hiari yao tangu shule kufungwa.

Ng'ambo ya mto barabara huupanda mgongo wa Yatta. Huu nao ni lava, mkondo mmoja mkongwe uliomiminika na kuganda kwa urefu unaokaribia kilomita 300, na kwa ubapa wake mtu angedhani umepigwa pima. Athi hupita chini yake upande wa magharibi, usiweze kuuvuka. Hili lilitubainikia baadaye kuwa ni jambo kubwa, kwa sababu vijito vya upande wa mashariki haviwezi kushukia Athi. Huelekea mto Tiva, nao Tiva huingia Tsavo na kupotelea mchangani kabla ya kuiona bahari. Maji ya upande mmoja wa mgongo huja kwetu. Ya upande wa pili hayaji.

Karibu na Mutomo dereva alituuliza kama tungependa kuona bwawa la mchanga, kwa kuwa alijua moja lililo kando ya njia. Tulipofika tulidhani ametukosea. Mbele yetu palikuwa na mto wa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa kandanda, na ukuta wa mawe na saruji umeukata kutoka ukingo hadi ukingo. Tone la maji halikuonekana. Mbuzi walikuwa wakipita katikati. Lakini wanawake wawili walikuwa wameinama kwenye shimo lisilozidi kina cha mkono, wakichota kwa kibuyu na kujaza mitungi ya plastiki, na punda wao wamesimama pembeni kwa ile subira ya punda.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alitujia. Aliyaona mabuibui akasalimia, "Karibuni. Mnatoka Mombasa?" Kwa watu wa bara kila atokaye pwani hutoka Mombasa, na tumekwisha kuacha kusahihisha. Alipojua tumekuja kutazama tu, hatuuzi wala hatununui, alifurahi, akatufafanulia kazi ya ukuta ule, nasi twaieleza kwa maneno yetu.

Mito ya Ukambani mingi hupita maji siku chache tu kwa mwaka. Mvua hunyesha kwa ghadhabu, mto hufurika, na baada ya saa chache yote yameshateremka na udongo wa mashamba pamoja nayo. Watu wakajenga ukuta mahali ambapo mwamba umekaribia. Mafuriko yakija na udongo, mchanga ulio mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu. Baada ya msimu mmoja au misimu michache, bwawa limejaa mchanga hadi juu, na mtu asiyejua atasema limeharibika. Hapo ndipo lilipoanza kazi. Katika nafasi zilizo baina ya chembe na chembe hukaa maji, hata kufikia thuluthi ya ujazo wote na pengine zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawazai ndani yake, ng'ombe hawayachafui, na mchanga huyachuja. Kuta za namna hii zimekuwako Ukambani tangu miaka ya 1950, lakini wingi wake katika Kitui ulikuja kuanzia miaka ya 1990, pale shirika la SASOL lilipofanya kazi na wanavijiji na kujenga mamia. Mawe hukusanywa na wenyeji wenyewe katika vikundi vya mwethya, ambao ni ule ushirika wa kazi ambao sisi pwani tungeuita kikoa au msaragambo. Mzee alituambia kwa fahari kwamba jiwe la tatu kutoka ukingoni alilibeba yeye. Hatukuwa na njia ya kumkanusha.

Binti yetu wa darasa la saba akauliza kwa nini basi mchanga usichimbwe na kuuzwa, maana Malindi mchanga ni ghali. Mzee alicheka kicheko kisichokuwa na furaha. Huo, alisema, ndio wizi wa siku hizi. Malori huja usiku, hupakia mto, huupeleka kujengea majumba ya mjini, na asubuhi watu wakiamka kisima chao hakipo, kwa kuwa kisima chenyewe ndio mchanga. Watu wamepigana, na wako waliokufa. Jirani zao wa Makueni walitunga sheria ya kaunti mwaka 2015 ya kuuhifadhi mchanga na kudhibiti uchimbaji wake. Tukikumbuka kwamba maji yetu wenyewe ya Baricho huchujwa na mchanga wa mto, hatukuona kuwa habari hiyo ni ya watu wengine.

Nyanya alikuwa ameletewa kigoda na mmoja wa wale wanawake, ameketi karibu na shimo. Akamwambia mzee, kwa utaratibu, kama mtu alipaye deni mbele ya mashahidi: "Kaka yangu, nami nina damu ya huku. Nyanya yangu alikuja pwani kwa Ng'omanisye."

Mzee alinyamaza. Kisha akavuta gogo, akaketi. "Mbai yenu ni ipi?" aliuliza, yaani ukoo. Nyanya akasema hajui. Mzee akaanza kuzitaja, polepole, akimwangalia usoni baada ya kila moja: Aombe, Atangwa, Anzauni, na nyingine ambazo kalamu ya kijana wetu haikuziwahi. Nyanya alisikiliza kila jina kwa makini, akatikisa kichwa. Hakuna hata moja lililogonga kitu. Mzee akauliza kama aliacha wimbo, au jina la kilima, au la mto. Nyanya akasema aliacha muthokoi tu: alikuwa akitwanga mahindi kwa maji kidogo, mpaka maganda yakatoka, na majirani wa Malindi wakimcheka kwa kuwapotezea usingizi wa adhuhuri.

"Na meno?" mzee aliuliza.

Hatukuelewa. Akaonyesha kwa kidole meno yake ya mbele. "Yalikuwa yamechongwa?"

Nyanya alitazama mchanga. "Yalikuwa na ncha," alisema. "Ya juu, ya mbele. Sisi wajukuu tulikuwa tukimwomba acheke tuyaone, naye akifunika mdomo kwa ukaya."

Mzee alisema neno kwa Kikamba kuwaambia wale wanawake, nao wakaacha kuchota. Kisha akamgeukia Nyanya, na sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Mama, mtoto mdogo alikuwa hachongwi. Hiyo ilikuwa kazi ya vijana, wasichana waliokaribia kuolewa. Kama meno yalichongwa, huyo hakuja mtoto. Alikuja msichana mkubwa. Alimjua baba yake, alijua mbai yake, alijua nyumba yao ilitazama wapi."

Hakuna miongoni mwetu aliyepata la kusema. Katika nyumba yetu, kwa zaidi ya miaka mia, tumekuwa tukisema kwamba Bi Mkamba hakusimulia kwao kwa kuwa hakupajua. Tuliisema mbele yake mwenyewe akiwa hai. Alitusikia tukiisema, akafunika mdomo kwa ukaya, akaendelea kutwanga.

Nyanya alinyoosha mkono akautia shimoni hadi penye kiwiko. Maji yalikuwa baridi, alisema. Mwanamke mmoja akamchotea kwa kibuyu, akanywa, nasi tukanywa baada yake, na tunapenda kuwahakikishia wasomaji waangalifu kwamba hakuna aliyeugua.

Mzee alichukua nambari ya simu yetu. Alituambia wako wazee katika kila ukoo wanaokumbuka ni nyumba zipi zilipoteza mabinti katika njaa ile, na kwamba atauliza. Hakutuahidi kitu.

Mji wa Kitui tuliufikia adhuhuri imekwisha kuingia. Tukaswali swala zetu mbili kwa pamoja, kama msafiri alivyoruhusiwa, katika msikiti ambao waumini wake walitupokea kwa Kiswahili kisichotofautiana sana na chetu. Ajabu yake si kubwa. Baina ya Kitui na pwani palikuwa na njia ya biashara kabla ya reli na kabla ya serikali ya kikoloni. Misafara ya Wakamba iliteremsha pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, na baadaye misafara ya Waswahili ikapanda kwao. Kivoi, mkuu wa misafara aliyeishi Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka huko Krapf alikouona mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 njiani kuelekea mto Tana. Tukiwafundisha watoto wetu tarikh ya Malindi na ya Mombasa, aghalabu huanza na mtu aliyekuja kwa jahazi. Aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa pili hatumtaji.

Katika mkahawa wa halali, baada ya kungoja muda ambao tungeweza kuutumia kuchemsha maharage mara mbili, Nyanya aliletewa sahani ya muthokoi. Alionja. Tukamkodolea macho sote.

"Ni wenyewe," alisema. Kisha akaongeza, "Ila wake alikuwa akitia tui."

Jiwe la Nzambani, lililo nje ya mji, tulilipanda kwa ajili ya watoto, kwa ngazi ya chuma inayotetemeka kuliko inavyopendeza. Wenyeji husimulia kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Watoto walimsihi dereva ajaribu. Alisema ana mke na deni la gari, na kwamba hayo mawili yanamtosha. Kutoka juu tuliiona nchi yote, vilima vya buluu na mito ya mchanga iliyong'aa kama barabara zilizotandikwa shuka. Nyanya alibaki garini.

Tulirudi Kibwezi kwa njia ile ile. Jua lilikuwa likizama tulipovuka Athi, na dereva, pasi na kuombwa, alipunguza mwendo darajani. Hapo ndipo Nyanya alipozungumza, kwa mara ya kwanza tangu Kitui. Alisema kwamba zamani, mvua za bara zilipokuja na bahari ikageuka nyekundu, Bi Mkamba alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kwenda ufuoni, upande wa Sabaki, peke yake. Hurudi mchana na kuni alizoziokota, yale magogo na matawi yaletwayo na mto. Watu wa nyumbani walimwambia kuni zipo karibu, za nini kujichosha. Yeye husema zile za mtoni zinawaka vizuri.

"Hazikuwa zikiwaka vizuri," alisema Nyanya. "Zilikuwa mbichi, zina chumvi. Mama akizitupa nje."

Tuliyaandika haya mwezi wa Novemba. Simu ya yule mzee imelia mara moja tu. Amepata nyumba mbili ambazo ziliwapoteza mabinti, moja ya Aombe na nyingine ya ukoo tofauti, na anauliza kama tuna neno lolote zaidi la kuwatenganishia. Hatuna. Nyanya anafikiri. Mvua zimenyesha Ukambani juma lililopita, na jana bahari yetu ilianza kugeuka rangi. Leo asubuhi alituambia tumpeleke ufuoni, upande wa Sabaki, mapema, kabla ya jua kuwa kali. Magogo yalikuwa mengi. Watoto walikwenda mbele wakipekua vijiti, kimoja baada ya kingine, wakitafuta chenye alama tatu.